Ulimi wa Mama Sabra

"Mia mbili na kumi na tatu," alisema mwalimu Bernadeta. Simu ya Mwajabu ilikuwa mkononi mwake na miguu yake ilikuwa ndani ya beseni la maji ya moto. "Mama Sabra, jana uliishia mia mbili. Watu wanaota kama uyoga."

Mwajabu aliinua uso kutoka kwenye ungo, akacheka kidogo, akaendelea kupeta mchele.

Dadi, mumewe, alikuwa kwenye mkeka upande wa pili wa ua, anaziba tenga lililotoboka. Hakuna aliyemuuliza kitu, lakini alijibu.

"Hao watu mia mbili, ukifiwa leo, nani atakuja kulala matangani?"

"Hawa si wa matanga, Baba Sabra," alisema Bernadeta. "Ni wa kazi. Huu ni mtandao wa watu wa kazi zao. Mtu anasema anafanya nini, mwenzake anamwona, wanaunganishwa, wanafanya biashara."

"Wanaunganishwa na nani? Mshenga yuko wapi?"

"Mshenga ndiye mimi," alisema mwalimu, na wanawake wote wawili wakacheka. Dadi alilivuta fundo la tenga kwa nguvu mpaka ukili ukakatika.

Tuseme ukweli, Dadi alikuwa na haki ya kuumia. Kibiti nzima, kuanzia stendi mpaka sokoni, hakukuwa na mtu mwenye watu kama yeye. Dereva wa Nyamisati alimjua kwa jina la mama yake. Mpiga debe akiugua, Dadi alikuwa wa kwanza kupeleka ndizi. Alitoka nyumbani asubuhi kununua kiberiti akarudi adhuhuri, kwa sababu ya salamu. Na salamu hizo zilikuwa na faida. Ndugu za Mwajabu kule Salale walitega kaa mikokoni, Mwajabu akawafunga magando na kuwachambua, mkubwa huku, mdogo huku, asiye na nyama arudishwe. Dadi akawauza. Mnunuzi wao, Mzee Nassibu wa Dar es Salaam, alikuwa mtu wa Dadi. Kazi ya mikono ilikuwa ya mke, kazi ya mdomo ya mume, na mdomo ndio uliokuwa ukiitwa tajiri.

Kisha Mzee Nassibu akazeeka kweli kweli, akawaachia wanawe biashara. Hizi ndizo zama ambazo kila mtu ameambiwa afungue duka lake, na wale vijana wakafungua la kwao: wakauza gari la kaa, wakaanza kuuza vipuri vya pikipiki. Dadi alipanda basi kwenda mjini kutafuta mnunuzi mwingine miongoni mwa watu wake. Watu wake walimpokea vizuri mno. Walimnywesha chai, wakamuuliza hali ya mvua, wakamsindikiza mpaka barabarani. Mmoja alimpa hata nauli ya kurudia, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi, maana hakuiomba, na aliipokea.

Tangu hapo kaa waliuzwa mmoja mmoja kwa wapita njia. Nyama ikawa ya sikukuu. Mwalimu Bernadeta, mpangaji wao wa chumba cha mbele, mtu wa Kasulu aliyekuwa akifundisha sekondari, ndipo aliposema: "Mama Sabra, hebu lete hiyo simu." Alimwambia Dadi kwanza, tusimsingizie. Dadi alicheka akasema yeye si picha ya kubandikwa. Basi ikabandikwa ya mkewe: Mwajabu kwa ushungi wa kijani, ameshika kaa mkubwa kama sahani, na chini yake maneno: msambazaji wa kaa hai, delta ya Rufiji.

Na sasa watu walikuwa wanaota kama uyoga.

*

Jioni ile ile, kabla maji ya beseni hayajapoa, mwalimu alipiga yowe.

"Mama Sabra! Huyu hapa mnunuzi!"

Aliusoma ujumbe kwa sauti. Stephano Maganga, mnunuzi wa kampuni inayopeleka vyakula mahotelini, Dar es Salaam. Alikuwa anatafuta mtu wa kumletea kaa hai kila wiki, gari wanaleta wenyewe. Alikuwa amezungumza na mtu mmoja wa Mafia pia. Angependa kujua zaidi, kisha achague mmoja.

Mwajabu aliweka ungo chini. "Gari wanaleta wenyewe?"

"Wenyewe."

"Kila wiki?"

"Imeandikwa hapa, mama."

Mwajabu hakushangilia. Aliinama kidogo kama mtu anayesikiliza iwapo chungu kimeanza kuchemka. Kisha akasema, "Mjibu kwa adabu, mwalimu. Mwambie kaa tunao. Halafu mimi kesho nashuka Salale. Ndugu yangu Gharibu na wenzake wameshatundika mitego kwa kukosa soko, wamerudi kukata nguzo za mikoko. Nisipowaambia kwa mdomo wangu hawataamini."

"Na simu?" aliuliza Dadi.

"Simu ya nini kule? Hakuna mnara, na ile ya kwanza iliingia maji ya chumvi. Itabaki. Ujumbe ukija, mpe mwalimu ajibu."

"Mpe mwalimu," Dadi alirudia. "Mimi niko hapa nafanya nini?"

"Wewe utalisha kuku, mume wangu," alisema Mwajabu kwa upole, na upole huo ulimchoma kuliko kama angemtukana.

*

Alfajiri Mwajabu alipanda gari la Nyamisati kwenda kutafuta mtumbwi. Dadi alilisha kuku. Alifagia ua, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu aoe. Simu ilikuwa dirishani, kwenye chaji, imekaa kama mgeni wa heshima.

Ililia saa ya chai. Mwalimu alikuwa shuleni, ana mitihani ya kusahihisha.

Dadi aliitazama, akaondoka, akarudi. Aliifungua. Yule Maganga alikuwa ameandika: "Asante dada Mwajabu kwa jibu lako zuri. Ninafurahi kufanya kazi na mwanamke anayejua kazi yake."

Anayejua kazi yake! Nani alimjua Mzee Nassibu? Nani alishinda juani stendi kungoja gari, kubembeleza makondakta, kuinamia watu wa ushuru? Dadi alibonyeza picha ya yule bwana. Shati jeupe, meno mengi. Mzaliwa wa Tabora, shule ya Tabora, kila kitu Tabora.

"Mnyamwezi!" alisema Dadi peke yake.

Wivu ukimshika mtu, kwanza humnyang'anya akili, halafu humpa vidole vyepesi. Dadi alitaka kuandika neno moja baya, la kumfanya huyu bwana afunge simu na kwenda zake Mafia. Lakini kumtukana mtu usiyemjua, tusi la kweli, si jambo jepesi kwa aliyelelewa vizuri. Alitafuta tusi, akashika lililokuwa karibu na ulimi, lile alilolisikia kwa babu yake tangu akiwa hajatahiriwa. Akaandika:

"Sisi Wandengereko hatuuzi kaa kwa Wanyamwezi. Mdudu mwenye miguu minane na magando mawili mtamwanzia wapi, nyinyi mliozoea kutafuna michembe ya viazi? Rudi Tabora ukabebe mizigo."

Alituma. Moyo ukamwenda mbio kama mwizi wa mihogo. Kisha akajisikia vizuri. Kisha, kufika adhuhuri, akajisikia vibaya, akamfikiria Mwajabu ndani ya mtumbwi, miguu kwenye maji, anakwenda kuwaambia ndugu zake habari njema. Mwalimu aliporudi na kuuliza kama kuna ujumbe, alisema, "Hakuna, mwalimu," na akalala bila kula.

Jibu lilikuja kesho yake.

"Weee Mndengereko! Kumbe nimeingia nyumba ya watani zangu, na mimi nimevaa adabu bure! Babu yangu aliwabebea mizigo kutoka Tabora mpaka pwani kwa sababu nyinyi mlikuwa mmelala. Na mngali mmelala. Ndiyo maana kaa wenu wananenepa, hawana wa kuwasumbua. Haya mpishi wangu, niambie, wana uzito gani?"

Dadi alikaa chini, pale pale kwenye vumbi la kuku.

Wandengereko na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akikutukana ukinuna, aibu ni yako. Tusi alilolirusha kama jiwe lilikuwa limedakwa na kurudishwa kama mpira. Alipaswa kuogopa. Badala yake alijikuta anacheka peke yake uani, na kidole kimeshaanza kuandika.

"Uzito wa kukufanya wewe na ukoo wako mnyamaze mezani kwa mara ya kwanza. Tunaanzia nusu kilo, wakubwa wanafika kilo. Wadogo tunawarudisha matopeni wakue, si kama nyinyi mnaokula mpaka mbegu."

"Watafika hai?"

"Hai kuliko wewe. Tunawafunga magando, tunawapanga kwenye matenga, juu magunia mabichi. Wewe ndiye utakayefika Kibiti umekufa kwa joto."

"Nikifa mtanizika wapi, wachawi nyinyi?"

"Hatukuziki. Tunakutegea kaa."

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Dadi aliamka akiwa na tusi jipya mdomoni kama mtu mwenye wimbo. Kuku walilishwa mapema ili simu isomwe mapema. Na katikati ya matusi kazi ilikwenda: matenga mangapi, gari lifike lini, kaa aliyekufa njiani ni hasara ya nani. Maganga alipojaribu kumwekea masharti ya upakiaji, Dadi alimwandikia, "Mtu asiyejua kuogelea asinifundishe kufunga kaa," na masharti yakaondoka. Hakuwa amewahi kufanya biashara tamu namna hiyo. Mwalimu kila jioni alisikia kwamba hakuna ujumbe, akasema pole, labda Mafia wameshachukua, akarudi kwenye mitihani yake.

Siku ya Alhamisi Maganga aliandika kirefu.

"Mama Sabra, watu wa Mafia nimewaambia basi. Nakuja Jumamosi mwenyewe nione mzigo na tukubaliane. Nina miaka mingi mjini, na hakuna aliyenitania namna hii tangu bibi yangu azikwe. Mumeo ana bahati. Mwanamke mwenye ulimi kama huu ni wa kuwekewa walinzi."

Dadi aliusoma mara ya kwanza, damu ikampanda. Mnyamwezi huyu anamtongoza mke wangu! Akaandika haraka: "Mimi nina mume."

"Namjua. Niliulizia kwa madereva wa huko. Wananiambia ni mtu mwema, hodari wa salamu."

Hodari wa salamu.

Dadi aliiweka simu dirishani. Alitoka, akashika njia ya sokoni. Muuza nazi akamwita, "Dadi, umeamkaje?" Fundi viatu, "Dadi, za nyumbani?" Mpiga debe, "Baba Sabra, mbona kimya?" Kila salamu ilimgonga kama kokoto. Alirudi bila kununua kitu.

Aliusoma tena ujumbe, na safari hii aliona jambo lililomtoa jasho. Sifa zote zile, ulimi, bahati, walinzi, zilikuwa za Mwajabu. Mwajabu, ambaye kwa siku zote hizo hakuwa ametamka hata neno moja. Yule bwana alicheka kwa maneno ya Dadi, akaacha Mafia kwa maneno ya Dadi, na angekuja Jumamosi kumpa mkono mtu mwingine. Na kuyadai maneno yake, Dadi angelazimika kusema yalianzaje.

Mwanzo alimwonea mkewe wivu kwa watu aliokuwa nao. Sasa alimwonea wivu kwa mdomo wa Dadi mwenyewe.

*

Mwajabu alirudi Ijumaa jioni na matenga kumi na mawili juu ya gari la Nyamisati, mikono imechanwachanwa, sauti imekauka. Kaa walikuwa wazuri. Gharibu amerudisha mitego majini, alisema, na wanawake wa Salale wamesuka matenga mapya wakiimba.

"Kuna habari gani?" aliuliza.

"Anakuja kesho," alisema Dadi. "Maganga."

Mwajabu aliweka tenga chini. "Mwalimu amemwandikia nini?"

"Aa... wamekubaliana tu. Kazi kazi."

Alitaka kusema. Aliufungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza Mwajabu alikuwa anaswali, mara ya pili alikuwa amelala, amekaa vile vile kwenye kiti, kandambili mguu mmoja. Dadi alimfunika khanga, akajiambia kesho si mbali.

Maganga alifika wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa mtu mrefu wa kimo, shati limelowa mgongoni, na mkononi alibeba mfuko wa plastiki.

"Hodi hapa kwa wavivu!"

"Karibu, mgeni wetu," alisema Mwajabu, amejitanda ushungi, macho chini. "Karibu sana. Pole na safari."

Maganga alimkabidhi mfuko kwa mikono miwili, uso umejaa kicheko. "Nimekuletea chakula cha watu wenye nguvu. Michembe."

Mwajabu alichungulia viazi vile vikavu. "Ahsante sana, kaka yangu. Tutavichemsha."

Maganga alingoja. Hakuna kilichofuata. Akamgeukia Dadi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. "Toka hapo, hicho changu. Mwenyeji gani anakaa, mbebaji anasimama?" Dadi aliinuka, jibu limemjaa mdomoni, jibu zuri, lenye mkia. Akalimeza. Lilipita kama mfupa wa samaki.

Waliletewa wali wa nazi na kuku. Maganga alinyoosha mkono akachukua paja lililokuwa upande wa Dadi, kama mtani anavyoruhusiwa, akamtazama Mwajabu aone atasemaje. Mwajabu alisema, "Kula, mgeni wetu, kipo kingine," kisha akamwegemea mumewe akanong'ona, "Mbona ana dharau hivi huyu bwana? Nimemkosea nini?"

Mwalimu Bernadeta, aliyealikwa mezani kwa kuwa ndiye mshenga, alikuwa anamtazama mgeni kwa macho ya mwalimu wa zamu.

Kicheko cha Maganga kilipungua kidogo kidogo kama taa ya mafuta. Alinawa mikono. Aliporudi kukaa alikuwa mtu wa ofisini.

"Dada Mwajabu, samahani. Kuna nililokuudhi?"

"Hata kidogo, kaka."

Akatoa simu yake, akasoma: "'Mtu asiyejua kuogelea asinifundishe kufunga kaa.' Umeandika wewe hii?"

Mwajabu alimtazama mwalimu kwa hofu. "Mwalimu! Umemwandikia mgeni hivyo?"

"Mimi? Simu hiyo sijaigusa tangu uondoke. Niliambiwa hakuna ujumbe."

Kwenye kivuli cha ukuta, ndani ya matenga, kaa walisikika wakikwaruza.

"Sikilizeni," alisema Maganga, na sasa aliwatazama wote kama watu wa kwenye foleni. "Kaa wako Mafia, wako Kilwa, wako kila mahali. Mimi nanunua kwa mtu. Nimekataa watu wengine, nikawaambia wakubwa zangu mtu wangu yuko Kibiti, namjua. Sasa nimefika, na mtu mwenyewe simwoni. Kama kwenye simu kuna mtu na mezani kuna mwingine, kesho kwenye mzani atakuwepo nani?" Akaanza kukunjua mikono ya shati, kama mtu anayeaga.

Dadi aliangalia mikono ile. Angenyamaza tu. Hakuna aliyekuwa amemtaja bado. Maganga angeondoka, mtandao ungeonekana ni uongo kama alivyosema tangu mwanzo, wale watu mia mbili wangekauka kama uyoga kweli, na nyumba hii ingerudi kuwa na mdomo mmoja. Ladha ya jambo hilo aliionja, na ilikuwa tamu kwa kiasi cha kumtisha. Kisha akaiona mikono ya Mwajabu juu ya mkeka, imechanwa na magando na kamba, haijui ishike nini.

"Keti, Mnyamwezi we!" alifoka. "Umekula kuku wangu, umekalia kiti changu, sasa unataka kuondoka bila mzigo kichwani? Ukoo wenu umeanza lini kurudi Tabora mikono mitupu?"

Maganga aligeuka polepole. Alimwangalia Dadi kuanzia kandambili mpaka kofia. Meno yale mengi yakarudi moja baada ya jingine.

"Ni wewe?"

"Nani mwingine? Hodari wa salamu!"

Maganga alijipiga paja akacheka mpaka akakohoa. Mwalimu akacheka kwa sababu yule anacheka. Dadi naye alianza kucheka, na hapo ndipo alipoona kwamba Mwajabu hacheki. Alikuwa amechukua simu dirishani, amerudi nyuma mpaka ujumbe wa kwanza, anausoma taratibu, midomo inatembea.

"'Hatuuzi kaa kwa Wanyamwezi,'" alisoma kwa sauti. "Hii uliandika lini?"

"Siku uliyoondoka."

"Ulikuwa humjui bado."

"Nilikuwa simjui."

"Ulikuwa unamtania?"

"Shemeji," aliingilia Maganga, "utani hauulizwi..."

"Subiri kidogo, kaka yangu. Naongea na mume wangu." Hakupandisha sauti. "Baba Sabra, ulikuwa unamtania?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, mgeni mwenyewe ameushikilia. Neno moja tu, ndiyo, na kila mtu angelikubali.

"Hapana," alisema Dadi. "Nilitaka aende zake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuandikia wewe."

Mwajabu aliitazama simu kwa muda, kama vile bado kuna jibu jingine ndani yake. Kisha aliifunga kwenye pindo la khanga, akainuka.

"Kaka Stephano, njoo uone kaa."

Alimpeleka kwenye matenga, akafunua gunia. Alimtoa mmoja, akamgeuza tumbo juu, akaminya chini ya gamba kwa kidole gumba kumwonyesha kwamba hapabonyei. Akamtoa wa pili. Maganga aliuliza, yeye akajibu, sauti ndogo, maneno machache, bila mzaha. Walipofika kwenye bei Dadi alisogea hatua moja, mdomo umeshafunguka kwa mazoea. Mwajabu hakugeuka. Alitaja bei yake. Maganga akashusha. Mwajabu akamfunika kaa gunia na kusema, "Basi kaka, hawa watalala hapa," na Maganga akapandisha. Dadi alisikia kwa masikio yake bei ambayo Mzee Nassibu hakuwahi kuilipa.

Gari lilipopakiwa, Maganga alimpa Mwajabu mkono kwa heshima, kisha akampiga Dadi ngumi ya bega. "Na wewe mtani wangu, usiache kuniandikia. Nitakufa kwa upweke ofisini."

"Ataandika," alisema Mwajabu. "Kwa jina lake. Kaa ni wangu, matusi ni yake."

*

Gari la hotelini lilikuja tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Nyama ikarudi jikoni. Mwajabu alimpakulia mumewe kama kawaida, alimwamkia kama kawaida, alimfulia kofia yake. Ila simu haikukaa tena dirishani, na jina la Maganga halikutajwa kati yao.

Asubuhi moja ya Jumapili, mwalimu ametoka kanisani, Dadi alimfuata barazani akakaa kando, akakohoa.

"Mwalimu. Kile kitu. Na mimi ninaweza?"

"Kitu gani, Baba Sabra? Kubandikwa?"

"Usinichekee."

"Sikucheki," alisema Bernadeta, anacheka. Akatoa simu yake. Alimpiga picha amekaa wima kama anayeapishwa. Kwenye kazi Dadi alitaka iandikwe mkurugenzi. Mwalimu akauliza wa nini. Dadi akafikiri, akasema, basi andika dalali wa kaa. Kisha akasema, "Futa dalali. Andika msaidizi."

"Wa nani?"

Dadi alitazama mlangoni. Ndani, ufagio wa Mwajabu ulikuwa umesimama.

"Acha hivyo hivyo. Msaidizi."

Ombi la kwanza walimpelekea Maganga. Hata dakika hazikupita. Alikubali, na chini yake akaandika: "Nani amemruhusu mvivu huyu kuingia mjini?" Dadi alicheka, akajipiga goti. Alikuwa na mtu mmoja.

"Wa pili nani?" aliuliza mwalimu.

Dadi alinyoosha kidole akaonyesha, maana jina lilimshinda kulitamka. Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke wa ushungi wa kijani, ameshika kaa. Mwalimu alimtazama mara moja, safari hii bila kucheka, akampa simu. "Hiyo bonyeza mwenyewe."

Alibonyeza.

Ndani ya nyumba simu ililia mlio mfupi. Dadi alisikia ufagio ukiegemezwa ukutani. Alisikia fundo la khanga likifunguliwa, kisha kimya, kimya cha mtu anayesoma polepole huku midomo inatembea. Muuza nazi alipita barabarani na baiskeli yake, akapaza sauti, "Dadi, umeamkaje?" na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Kibiti, Dadi hakuitikia.

Ufagio ulianza tena.

"Amekubali?" alinong'ona.

Mwalimu Bernadeta alichungulia kioo. "Inasema ombi lako limefika," alisema. "Inasema subiri."

Dadi alivua kofia, akaiweka gotini, akasubiri.